Pamba ya Lubaina, pamba ya Bariadi

Ndugu zangu waandishi chipukizi, hebu tuache kwanza ubishi wa kijiweni, eti Lubaina Himid ni wetu au ni wa Waingereza. Wengine wanasema "chotara" halafu wanakaa, kama vile wamejibu. Alizaliwa Zanzibar 1954, baba Mngazija, mama Mwingereza. Baba alikufa kwa malaria mtoto akiwa na miezi minne tu, mama akarudi naye Uingereza. Huko nako hawakumwekea mkeka. Mwaka 1985 alipoandaa maonyesho ya wanawake 11, Weusi na wa asili ya Asia, katika taasisi ya ICA, London, walipewa korido. Korido, jamani! Tuzo ya Turner alikuja kuipata 2017, ana miaka 63, mwanamke Mweusi wa kwanza.

Mimi nataka tuzungumze kazi. Nina moja moyoni: Cotton.com ya 2002, ambayo nimeiona kwa picha tu. Ni turubai ndogo 85, nyeusi na nyeupe, zenye nakshi kama za kitambaa. Anawawazia watumwa wachuma pamba wa Marekani na wafanyakazi wa viwanda vya Manchester wakipelekeana habari kwa nakshi hizo. Hakutunga hewani. Vita vya Marekani vilipokata pamba, viwanda vikalala na watu wakakaa na njaa. Hata hivyo mwishoni mwa 1862 wafanyakazi wa Manchester walimwandikia Rais Lincoln kumuunga mkono dhidi ya utumwa.

Katika turubai zote hizo hakuna sura ya mtu. Atakayeziita baridi, aje Bariadi msimu wa kuchuma, maganda ya pamba yamchane vidole, kisha aende dukani akaitafute damu hiyo kwenye shati. Haipo. Lubaina kaliona hilo, na kukataa kwake kutuchorea mtumwa wa kumhurumia ndiko kunakonifanya nimheshimu.

Ila nina ugomvi naye. Mazungumzo yake ni ya pande mbili tu, Marekani na Manchester. Pamba ya Usukuma nayo ilipanda meli kwenda ng'ambo enzi za ukoloni, na mchumaji wake hayumo. Kwa mtu aliyezaliwa pwani yetu, hapo kazi imepunguka. Turubai ya 86 ningeitaka iwe ya huku.