Ushujaa Usio na Kelele

Aghalabu sinema za ushujaa hutuonyesha mtu mmoja mwenye nguvu ashindaye maadui kwa ngumi na bunduki. Sinema iitwayo Thirteen Lives, iliyoongozwa na Ron Howard na kutolewa mwaka 2022, haina adui wa kupigwa. Adui wake ni maji, giza na wakati.

Kisa chake ni cha kweli. Tarehe 23 Juni 2018, wavulana 12 wa timu ya kandanda pamoja na kocha wao waliingia katika pango la Tham Luang, kaskazini ya Thailand. Mvua ikanyesha, maji yakajaa, njia ya kutokea ikazibika. Tarehe 2 Julai wapiga mbizi wawili Waingereza, Rick Stanton na John Volanthen, waliwakuta wakiwa hai.

Sifa ya kwanza ya sinema hii ni subira. Wavulana wakisha kuingia pangoni, hatuwaoni tena mpaka siku ya kupatikana kwao. Twangoja nje pamoja na wazazi, bila kujua kama wana wao wa hai au wamekufa. Mtazamaji hapewi faraja ambayo mzazi hakuipata.

Sifa ya pili ni kubwa zaidi. Kumpata mtu si kumwokoa. Mtoto asiyezoea kupiga mbizi angeshikwa na hofu katika maji yale ya matope, akajiua yeye na mwokozi wake. Hivyo ikaamuliwa walazwe kwa dawa, kisha wavutwe chini ya maji wakiwa hawajitambui. Daktari Richard Harris, bingwa wa dawa za usingizi, kwanza alikataa, kwa kuwa alijua mkono uponyao waweza pia kuua. Joel Edgerton, aigizaye nafasi hiyo, hana majivuno hata kidogo. Twaona mtu mwenye hofu afanyaye lililompasa, na huo ndio ujasiri.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hata hivyo sinema haisahau kwamba mwenyeji naye alitoa. Wakulima walikubali mashamba yao yafurike ili maji yaepushwe na pango, na Saman Kunan, mwanamaji wa zamani wa Thailand, alikufa tarehe 6 Julai katika kazi ya kupeleka mitungi ya hewa.

Lakini upo upungufu. Siku zile za giza na njaa, wavulana walitulizanaje? Kocha wao aliwafundisha kutuliza nyoyo kwa kutafakari, na huo nao ulikuwa ushujaa. Ila sinema yautaja kwa haraka mno. Waliookolewa wamekuwa kama mizigo ya thamani, ichukuliwayo pasipo kuulizwa neno. Ubora wa subira iliyotuweka nje ya pango umelipiwa kwa kunyamazishwa kwao.

Tarehe 10 Julai wote 13 walikuwa wametoka salama. Itazame sinema hii, ewe msomaji kijana, na ukisha kuwasifu wapiga mbizi, wakumbuke pia mkulima aliyepoteza mpunga wake na mtoto aliyengoja gizani bila kukata tamaa.