Sekunde Moja Isiyo na Faida

Mlioangalia onyesho la ile seva ya shule kule mtaani Himbi mliuona mstari wenyewe, maana fundi aliukuza ukutani: root=UUID, kisha rw, kisha fsck.mode=skip. Mashine ikawaka haraka, ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga. Neno lile la mwisho ni kosa, na katika mji wetu huu ni kosa kubwa.

Kazi nyingine yote ilikuwa safi: UUID badala ya /dev/sda2, initramfs nyepesi, switch_root iliyokabidhi mzizi bila matatizo.

Turudi kwenye skip. Keneli ikishapakiwa hukunjua initramfs ndani ya rootfs, ule mzizi wa kwanza unaoishi kwenye RAM tu. Hapo /init huitafuta diski na, kabla ya kuipandisha, huiita fsck iikague. Wakati huo mzizi wa kweli haujaguswa: hakuna programu iliyofungua faili, hakuna anayeandika. Nafasi nzuri kama hiyo hairudi mpaka uzime na kuwasha tena, na fundi wetu ameiruka kwa hiari yake. Halafu akaongeza rw. Hiyo peke yake ningeisamehe, kwa kuwa initramfs hukagua kwanza ndipo ipandishe. Lakini ukiziweka pamoja umefunga milango yote miwili, maana hata systemd, ambayo ingeweza kukagua baadaye, ikikuta mzizi tayari unaandikika haiukagui.

Amepata nini? Mfumo wa ext4 ukiwa ulizimwa vizuri, fsck husoma superbloku, huona alama ya usafi, huandika mstari mmoja wenye neno “clean” na kuondoka. Ni sekunde moja, mara nyingi haifiki. Hukawia siku ile tu ambayo kuna kitu cha kutengeneza, yaani siku unayoihitaji.

Najua nitajibiwa kuwa ext4 ina daftari lake la mabadiliko. Ndiyo, na daftari hilo humalizia yaliyokatizwa njiani. Halina dawa ya diski ya mtumba inayosema imeandika kumbe bado, wala ya kosa lililobaki tangu umeme ulipokatika wiki iliyopita. Mwaka jana nililetewa mashine ya ofisi moja yenye mstari kama huu huu. Nilipoikagua hatimaye, lost+found ilijaa mafaili yasiyo na majina, namba tupu zenye alama ya # mbele. Orodha ya mishahara ilikuwa humo. Tuliipata kwa kufungua faili moja moja, kutwa nzima.

Na huu ni mji wa Goma. Tangu umeme wa kituo cha Matebe uanze kutufikia tumepumua kidogo, lakini Januari 2025 mapigano yalipoharibu nyaya tulikaa gizani siku kadhaa. Ni mashine ngapi siku ile zilizimwa kwa amri, na ngapi zilikatiwa umeme zikiwa zinaandika?

Nilishaandika, na nitaandika tena, kwamba ugonjwa huu ulianza na quiet splash. Tulipoyaficha maandishi nyuma ya nembo, vijana wakaacha kusoma mashine inafanya nini, wakabaki kuhesabu sekunde. Waliolelewa na Slackware ya Patrick Volkerding wanaikumbuka rc.S. Ukisahau kuandika read-only kwenye lilo.conf, skripti ile ilikusimamisha: mzizi umeshapandishwa kwa kuandika, haukaguliki. Ikakuonyesha pa kurekebisha, ikangoja ubonyeze Enter. Ilifanya hivyo kila ulipowasha, mpaka utengeneze. Skripti ya shell tu, lakini ililinda diski ya mtu kuliko seva hii mpya.

Fundi, bado hujachelewa. Fungua /etc/default/grub, ufute rw na fsck.mode=skip; ro GRUB huiweka yenyewe. Kama usiku hakuna mtu wa kukaa mbele ya skrini, andika fsck.repair=yes, ili mashine isije ikakwama kwenye (initramfs) ikimngoja mtu. Kisha update-grub, uwashe upya. Alama za wanafunzi wa shule nzima ziko kwenye diski ile.