Nyumba ya wavu ya Mtwara na kiwanja cha Ruangwa

Vijijini Mtwara kumejengwa nyumba 110 za mradi wa Star Homes, zilizosanifiwa na kampuni ya usanifu majengo ya Ingvartsen ya Copenhagen. Familia zilizipata kwa bahati nasibu, ili watafiti walinganishe afya ya watoto wa humo na ya wenzao wa nyumba za udongo. Ni nyumba ya ghorofa: chini stoo na jiko, juu vyumba vya kulala. Fremu ni chuma chepesi, na kuta za juu ni wavu wa kivuli, ule ule tunaofunikia vitalu vya miche. Kwa macho yaliyozoea tofali, inaonekana kama fundi ameondoka na hela kabla ya kumaliza.

Wavu una kazi yake. Ukuta mnene hunywa joto mchana kutwa, kisha hulitapika usiku watu wamelala. Wavu hauna pa kulihifadhi. Nyumba za majaribio zilizotangulia, za Magoda wilayani Muheza, zilionyesha hivyo katika matokeo yaliyochapishwa 2017: joto la ndani lilishuka kwa nyuzi 2.3 kulinganisha na nyumba za kawaida, na katika zile za ghorofa mbu walioingia walipungua kwa asilimia 96, kwa kuwa mbu wa malaria hupenda kuruka karibu na ardhi. Chumba chenye hewa kina faida nyingine: mtu hatupi chandarua pembeni kwa sababu ya fukuto.

Sasa tuje Nachingwea na Ruangwa. Fedha ya ujenzi huku hutoka kwenye minada ya korosho ya chama cha ushirika cha RUNALI, inayoanza Oktoba, mvua nazo zikiwa njiani. Ndiyo maana nyumba inajengwa msimu huu msingi, msimu ujao kuta, bati Mungu akijalia. Lakini uamuzi mkubwa wa ubaridi unafanyika siku ya kupigilia vigingi vya msingi, na hauna gharama: nyumba itazame wapi.

Tuko nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, Februari na Oktoba. Desemba saa sita mchana liko kusini, bado juu sana. Juni liko kaskazini, limeshuka hadi nyuzi 56 hivi. Kwa hiyo kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Dirisha ambalo kizingiti chake cha chini kiko mita 1.5 chini ya ukingo wa paa hukingwa na jua la saa sita upande wa kusini kwa upenu wa sentimita 35 tu. Kaskazini upenu wa sentimita 60 unatosha: Juni jua litaingia kidogo, na Juni kuna baridi, liingie. Mashariki na magharibi hakuna upenu wa kawaida unaozuia jua la saa mbili asubuhi au la saa kumi jioni, basi huko weka stoo na choo, madirisha yawe madogo.

Ndipo ninapogombana na mtindo wa mjini. Paa la kuficha limefuta upenu kabisa. Bati la msauzi la rangi nyeusi linapendeza barabarani na kuchoma dari. Dirisha la aluminiamu la kusukuma likifunguliwa lote, nusu yake bado ni kioo. La bawaba hufunguka zima. Weka mawili yanayotazamana, yenye wavu wa mbu, na matundu ya hewa chini ya upenu.

Kuta? Tofali za kuchoma zinamaliza kuni. Zile za kufungamana, za udongo na saruji kidogo, zilizohimizwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, hukaushwa bila moto. Ni nzito, zitahifadhi joto, ila ukuta uliokaa kivulini hauna joto kubwa la kuhifadhi. Tena zinasubiri. Fremu ya chuma ya Star Homes inataka fedha yote kwa mkupuo. Tofali zikiishia usawa wa linta, zitangoja korosho za mwakani.