Nyungunyungu, Makumbi na Ufundi wa Kuchuja Maji

Ufugaji wa nyungunyungu kwa ajili ya mboji, yaani mbolea laini nyeusi inayopatikana baada ya viumbe hao kula mabaki ya jikoni na shambani, kwa kawaida husifiwa kwa kile kinachovunwa. Lakini anayestahili sifa zaidi ni yule anayelitunza kasha la kuwafugia lisituame maji, kwa kuwa unyevu ukishatawaliwa kazi iliyobaki hufanywa na nyungunyungu wenyewe. Charles Darwin, aliyechapisha kitabu kizima juu yao mwaka 1881, miezi michache kabla ya kufariki, alionyesha jinsi wanavyoupindua udongo pole pole bila msaada wa mtu. Huko shambani, hata hivyo, nyungunyungu akizidiwa na maji huhama. Ndani ya kasha hana pa kukimbilia.

Wakulima wa Kibiti na delta ya Rufiji, pwani ya Tanzania, hawaufikii ufundi huu wakiwa wageni. Kilimo cha mlau, ambacho mazao yake hupandwa bondeni mafuriko yanapopungua na kukua kwa unyevu uliobaki ardhini, kimejengwa juu ya kanuni hiyo hiyo, kwamba maji yaondoke na unyevu ubaki. Tope lililoletwa na mafuriko ndilo lililorutubisha bonde. Lakini tangu Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lilipoanza kujazwa Desemba 2022, sehemu ya tope hilo hutuama bwawani, na mkulima mwenye busara ana kila sababu ya kuitafuta rutuba nyingine karibu na nyumba yake, hasa kama bustani yake iko juu kwenye mchanga usiofikiwa na mafuriko.

Nyungunyungu hana mapafu. Hupumua kwa ngozi, ambayo haina budi kuwa na majimaji ili oksijeni ipenye, na kwa hiyo kasha kavu humuua. Lakini kasha lililolowa chapachapa humuua pia, kwa sababu maji yakijaza nafasi zilizo kati ya chembe za matandiko, yaani malalo ya nyungunyungu, hewa hukosa njia, na bakteria wasiohitaji oksijeni huchukua nafasi na kutoa gesi yenye harufu ya mayai viza. Harufu hiyo ndiyo inayotoka katika matope ya mikoko maji yanapokupwa, na mkazi wa Nyamisati, huko huko kwenye delta, hahitaji kipimo cha maabara ili aitambue. Kipimo cha kila siku ni kiganja: konzi ya matandiko ikikamuliwa kwa nguvu itoe tone moja au mawili, na ikitiririsha maji, yafaa viongezwe vipande vya boksi au majani makavu ya mgomba, na kulisha matikiti na mapapai kusimamishwe kwa muda.

Wengi hupanga kokoto chini ya kasha wakiamini kwamba ndizo zitakazochuja maji. Imani hiyo imeenea mno, na si sahihi: maji yaliyoshikwa na chembe ndogo za mboji hayashuki kuingia katika nafasi kubwa za kokoto mpaka tabaka la chini la mboji lijae kabisa, na hivyo kokoto huinua tope na kulisogeza karibu zaidi na nyungunyungu. Kinachofaa ni matundu ya kutosha chini, kasha lililoinuliwa juu ya matofali na kuinamishwa kidogo, na kipande cha kamba ya usumba kilichopitishwa katika tundu, ncha moja ikiwa ndani ya matandiko na nyingine ikining'inia nje, kwa maana kamba iliyolowa huyavuta maji ambayo tundu peke yake lisingeweza kuyatoa.

Usumba wenyewe, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, unataka tahadhari. Makumbi ya nazi ni matandiko bora, kwani hushika unyevu na bado huacha nafasi za hewa, lakini yale yaliyofukiwa katika matope ya pwani ili yalainike kwa kusokota kamba yamenyonya chumvi, na chumvi huyanyonya maji ya mwili wa nyungunyungu kupitia ngozi ile ile anayopumulia. Makumbi ya namna hiyo yalowekwe na kusuuzwa kwa maji baridi ya kisima, mara kadhaa, mpaka ladha ya chumvi iishe. Maganda ya kamba wa baharini na mabaki ya samaki wa ng'onda yasitiwe kabisa.

Kuhusu aina, *Eudrilus eugeniae*, mwenye asili ya Afrika Magharibi, huvumilia joto la pwani kuliko *Eisenia fetida*, ambaye hustawi zaidi kati ya nyuzi 15 na 25 za Selsiasi na ambaye Kibiti angehitaji kivuli kizito mwaka mzima.

Maji yanayodondoka chini ya kasha mara nyingi huuzwa kwa sifa yasizostahili. Ni mchujo wa mabaki ambayo hayajaoza sawasawa. Yakizimuliwa kwa maji mara kumi yanaweza kumwagwa shinani mwa mnazi au mkorosho, lakini yasimwagiwe mchicha unaokaribia kuchumwa, na wingi wake ni dalili kwamba kasha linalishwa kupita kiasi. Anayetaka kuanza na aanze Juni, masika yakiisha, kwa kasha moja lenye kina kisichozidi sentimita 30, wala asiongeze la pili mpaka la kwanza livuke salama masika yanayofuata.