Motere Ndani ya Pipa

Butembo haina ziwa. Hata hivyo asubuhi moja, kando ya barabara ya kwenda Beni, nilikuta motere ya boti ikinguruma juu ya pipa la maji, propela ikikoroga kama anayepika bugali. Ilikuwa imepanda na lori la samaki kutoka Kyavinyonge, karibu na pale Ziwa Edward linapotoa mto Semuliki, mita 900 na kitu juu ya bahari, mpaka huku kwetu kwenye baridi ya mita 1,700 na zaidi. Motere ya farasi 40, yenye stata. Mwenye boti alikuwa na neno moja tu: "Papa Fundi, hii ni batri ya pili. Zote zinalala."

Kabla ya kuiwasha, fundi alikuwa amepima batri ikiwa imepumzika, jambo ambalo wenye haraka huliruka. Mita ilisoma volti 12.4. Akachukua chaki, akaiandika namba hiyo ubavuni mwa batri. Iliyoshiba husoma 12.6 au zaidi kidogo. Hii ilikuwa na njaa, ila haijafa. Bila namba ya kwanza, ya pili ingemwambia nini?

Sasa motere ilikuwa inazunguka, na mita ilisogea hadi 12.5 tu. Fundi akaongeza mafuta taratibu, maji yakaruka kutoka pipani yakatulowesha miguu. Mita haikutikisika. Ningekuwa mimi, ningesema koili imeungua, nenda kanunue. Yeye akahamisha ncha za mita, akazigusisha pale umeme unapotoka kwenye regulata: 14.3. Moto ulikuwepo, ulipotelea njiani. Akaupapasa waya kwa vidole mpaka alipohisi ulaini, akauchana ganda. Ndani, shaba ilikuwa unga wa kijani.

Huko ziwani kijana mmoja alishaijaribu kwa ujanja wa magari ya zamani: washa, chomoa waya wa batri, ikizimika ujue dinamo imekufa. Motere nyingi za boti hazizimiki, kwa sababu plagi zinapata moto wake kutoka kwenye koili zilizo chini ya flaiwili. Kwa hiyo kijana aliondoka ameridhika, hajajua lolote. Tena regulata ilinusurika kwa bahati. Ukichomoa waya motere ikizunguka, volti zinaweza kupanda ghafla zikaichoma. Fundi aliposikia habari hiyo alifumba macho kidogo, hakusema kitu.

Mwenye boti hakuwa analalamikia dogo. Stata ikigoma usiku, kamba ipo, lakini jaribu kuivuta motere ya farasi 40 ukiwa umesimama kwenye pirogi inayoyumba, na viboko wanakoroma karibu.

Waya mpya ukafungwa, vichwa vya batri vikasuguliwa, motere ikawashwa tena. 14.1. Chaki ikaandika chini ya namba ya kwanza. Lori la kuteremka lilikuwa linapiga honi. Motere ikapandishwa, ikafungwa kwa mipira ya chubu.

"Baada ya siku tatu, asubuhi, kabla ya kuwasha, pima uandike ya tatu," fundi alisema, akimpa kile kipande cha chaki.

"Na mita, Papa?"

"Kyavinyonge hakuna mtu wa kuchaji simu?"

"Yuko."

"Basi iko."