Hifadhidata Hupimwa kwa Inachokikataa

Mwaka 2018 meli ya MV Umoja ilirejea kwenye njia ya Mwanza hadi Port Bell, bandari ya Luzira nchini Uganda, ikibeba mabehewa ya treni. Kila behewa lina namba, mwenye mzigo, uzito na ushuru. Shehena zikiongezeka na makarani wakawa wengi, daftari huelemewa, na Excel nayo haifiki mbali. Hapo ndipo unapohitajika mfumo wa kusimamia hifadhidata: programu inayokaa kati ya data na kila anayetaka kuisoma au kuibadilisha.

Muuzaji atakuonyesha skrini za rangi na grafu. Ziache. Omba uruhusiwe kukosea. Ingiza namba ya behewa lisilokuwepo, kisha uzito ulio chini ya sifuri, kisha tarehe ya kuondoka iliyotangulia ya kufika. Mfumo uliosanifiwa vizuri utagoma, hata ukiingia kwa mlango wa nyuma bila kupitia fomu, kwa sababu kanuni zimefungwa ndani ya majedwali yenyewe. Usitosheke kuambiwa kuwa kanuni zimeandikwa. Kabla ya toleo la 8.0.16 la mwaka 2019, MySQL ilipokea masharti kama lile la uzito bila kulalamika, halafu haikuyatekeleza. Waliotegemea masharti hayo waliachiwa uchafu ambao hawakujua wanao.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote ni la umeme. Tuseme kuruhusu mzigo kuna hatua mbili: kukata ushuru kwenye akaunti ya mwagizaji, na kuandika kwamba behewa limeruhusiwa. Chomoa waya wa seva katikati ya hatua hizo. Ikiwaka tena, ama zote mbili ziwepo, ama isiwepo hata moja. Pesa iliyokatwa huku behewa likiwa bado limezuiliwa ni kosa lisilosameheka. Mifumo imara hufanikiwa kwa sababu kabla ya kugusa jedwali huandika badiliko kwenye kumbukumbu ya miamala, na haimwambii karani “tayari” mpaka maandishi hayo yafike kwenye diski. Wapo mafundi wanaozima kusubiri huko ili mfumo uonekane mwepesi. Uliza kama kumezimwa, na ujibiwe kwa maandishi.

Kisha keti na mwenzako kwenye kompyuta mbili, mbadilishe taarifa za behewa moja kwa wakati mmoja. Kazi ya mmoja ikifutika kimyakimya, ondoka.

Bei haikuambii mengi. Oracle ni ghali, PostgreSQL, iliyochipuka kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ni ya bure, na zote mbili hufaulu majaribio haya zikiwa mikononi mwa fundi makini.

Kuhusu nakala rudufu, usiulize kama zipo. Uliza zilirejeshwa lini mara ya mwisho, na ilichukua saa ngapi. Na kwa kuwa Uganda ina sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019, taja mwagizaji mmoja, uombe orodha ya kila aliyefungua taarifa zake mwezi uliopita. Mfumo uliotunzwa hutoa orodha hiyo kabla hamjainuka vitini.