Mama Mgonjwa, Wino na Karatasi

Hapa Bujumbura tumezoea kuufundisha Utendi wa Mwana Kupona (1858) kama somo la utiifu wa mke, basi. Tunaupunja. Msemaji ni mama mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, anayemwita bintiye aje na wino na karatasi. Mume alalapo asiamshwe, apepewe, ndevu zake zitengenezwe, udi ufukizwe. Mambo kama hayo kina mama wa Buyenzi huyasemea jikoni tu. Yeye aliyaandika kwa kuwa siku zilikuwa zikimwishia (alifariki mnamo 1860), tena akawaita wanawake wote wayasome, si bintiye peke yake. Mbona basi maswali yetu ya mtihani humhusu mume tu?